"Gari Linakula Mafuta": Mafuta Gani?

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa jirani aliyekwishashauriwa afungue injini kwa kuwa gari lake la miaka mingi "linakula mafuta". Nikamwomba avute kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa palepale alipoiacha siku aliyoibadilisha. Kilichopanda ni ulaji wa petroli. Nusura alipie ringi za pistoni, yaani pete za chuma zinazozuia oili isipande kuungua, kwa kosa la neno.

Gari kula mafuta ni kutumia petroli au dizeli nyingi kuliko zamani kwa mwendo uleule. Jaza tangi, andika kilomita, endesha kama kawaida, jaza tena, kisha gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Rudia mara mbili tatu, maana tangi moja hudanganya. Lililokuwa likienda kilomita 12 kwa lita na sasa linakwenda 9, linataka theluthi moja zaidi kwa safari ileile.

Utata umo ndani ya neno. Mafuta ni la Kibantu tangu kale, na ndugu zake wametapakaa: Wakikuyu husema maguta, Wazulu amafutha, Wanyarwanda amavuta. Halina umoja, limo katika ngeli ya YA-YA pamoja na maji na maziwa. Lilianza na vitu vya kupikia na kujipaka, na vya mashine vilipokuja likavibeba vyote bila kubagua, cha kuchoma na cha kulainisha. Tukaazima basi petroli na oili ili tutofautishe, nayo yakaja kutoka chungu kimoja: petroli imetokana na petra na oleum za Kilatini, yaani mwamba na mafuta, na oili imetoka kwa oleum huyohuyo. Ndiyo maana simlaumu anayechanganya. Ila injini haichanganyi.

Petroli ni chakula cha injini. Huingia ili iungue. Oili si chakula. Huzunguka, hulainisha vyuma na kurudi chini. Ikipungua, ama inavuja ama inaungua kwa sababu ringi zimelika au sili za valvu zimekauka, na mara nyingi moshi wa bluu hukuambia. Huko ndiko kwenye habari ya kufungua injini.

Ulaji wa petroli ukipanda, anza kwingine kabisa. Thamostati, yaani mlango wa maji ya kupozea injini, ikikwama wazi huiacha injini ikiwa baridi, na kompyuta yake huendelea kuiongezea petroli kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa. Sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi na kuiarifu kompyuta, ikichoka hutoa taarifa za uongo. Breki iliyoshika hulivuta gari nyuma kutwa: baada ya mwendo, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa, uone kama moja ina joto kuliko wenzake. Upepo wa matairi upime kabla ya yote. Chujio la hewa husingiziwa mno; kwenye gari la kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, linaweza kuongeza ulaji, lakini kwenye injini ya petroli yenye sindano za kunyunyizia petroli zinazoongozwa na kompyuta, likiziba hupunguza nguvu zaidi kuliko linavyoongeza ulaji.

Ni kweli kwamba kwenye gari lililokwenda kilomita nyingi haya mawili huweza kukutana. Ringi zilizolika hupoteza mgandamizo, na oili inayoungua huichafua sensa, kwa hiyo petroli nayo hupanda. Hata hapo vipimo ni viwili: kimoja kwenye tangi, kingine kwenye kijiti.

Basi ukifika kwa fundi, mwambie "linakula petroli" au "linapunguza oili", na umpe namba zako. Naye akikujibu kwamba injini inakula mafuta, muulize kwa upole ni mafuta gani, kabla hajashika spana.