Madoa ya mdudu kibibi hayahesabu miaka

Wengi tuliambiwa utotoni kwamba ukitaka kujua umri wa mdudu kibibi, yule mbawakawa mdogo mwekundu wa mviringo, hesabu madoa mgongoni: doa moja, mwaka mmoja. Sivyo. Kwa kawaida hafikishi hata miaka mitatu.

Anapotoka kwenye bundo, yaani ganda ambamo buu hugeuka kuwa mdudu kamili, mabawa yake ya juu ni laini, ya manjano iliyopauka, hayana doa hata moja. Saa chache baadaye yamekauka na madoa yamejitokeza. Hayaongezeki tena mpaka anakufa. Yule wa madoa saba anayo saba tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndivyo spishi yake ilivyo.

Umri wa kuujali ni ule wa ubuu. Buu lake ni jeusi, refu, lina alama za rangi ya chungwa, mithili ya mamba mdogo. Inaniuma kuona watu wakiliponda wakidhani linakula sukuma wiki, kumbe linamaliza vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea, waliojificha chini ya jani.

Kero zipo. Marekani, spishi ya Asia iitwayo Harmonia axyridis, iliyopelekwa huko kupambana na vidukari, huingia majumbani kwa makundi baridi ikikaribia. Ukiwasumbua hutoa majimaji ya njano yenye harufu mbaya, yanayochafua kuta na mapazia. Afadhali uwafagie taratibu. Na wapo jamaa zao wachache wanaokula majani kweli, yakiwemo ya maboga. Hao mgongo wao una vinyweleo, haung'ai.