Palizi, pombe ya kazi na uji wa mtoto: njia ambayo dini hufika nayo jikoni Dodoma

Utepe wa kupimia mkono ulisimama kwenye njano, rangi ya utapiamlo wa wastani, sentimita 12.1. Mtoto alikuwa na miezi 14, amepakatwa na dada yake wa miaka tisa chini ya mbuyu, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Ulikuwa mwezi wa Februari. Pembeni kulikuwa na bakuli la uji wa asubuhi, umeshaganda utando juu. Mama yao hakuwepo. Alikuwa shambani kwa mtu, anapalilia apate sado moja ya mtama.

Nilimsubiri. Alifika saa nane mchana na jembe begani, akanawa, akampokea mtoto na kumnyonyesha kabla hata hajanywa maji. Nikamwambia yale ambayo sisi maafisa lishe huwa tunasema: mtoto wa umri huu ale walau makundi matano ya chakula kati ya manane kila siku, maziwa yako yakiwa kundi mojawapo, ongeza karanga kwenye mlenda, mpe yai, mpe boga. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza. Kisha akasema: "Daktari, nilipookoka niliacha kupika pombe. Nilipoacha kupika pombe, watu wakaacha kuja shambani kwangu."

Nimefanya kazi ya lishe vijijini kwa miaka mingi, na katika mafunzo yote niliyopitia hakuna aliyewahi kunionyesha uzi unaotoka kwenye wokovu wa mama, ukapita shambani, ukaishia kwenye bakuli lile. Naandika ili niufuate.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Ukichelewa huna pa kurudia. Uwele na mtama vikishaota, magugu nayo yanaota kwa kasi ile ile, na shamba lisipopaliliwa wiki zile za mwanzo mavuno yanashuka hata mvua ikiwa nzuri. Ndiyo miezi hiyo hiyo ghala huwa limekauka. Mwenye ng'ombe wa kulimia au fedha ya vibarua anapita. Mjane mwenye jembe moja anahitaji mikono ya wenzake.

Tangu zamani Ugogoni mikono hiyo imeitwa kwa pombe ya kazi. Unatenga mtama wako, unapika, unatangaza siku. Majirani wanakuja na majembe alfajiri, jua likikolea eka imekwisha, wanakaa kunywa. Kesho kutwa ni zamu ya mwingine na wewe unakwenda. Mtama debe mbili tatu unageuka kuwa kazi ya wiki nzima. Na wapishi wa pombe ni wanawake. Wajane wengi wamesomesha watoto kwa mtungi huo.

Sasa mama huyu ameokoka, na kanisa lake halitaki pombe inyweke wala ipikwe. Nisieleweke vibaya, siitetei pombe. Nimeona nafaka ya kaya ikimalizikia kwenye mtungi Oktoba, na nimeona wanawake wenye majeraha. Yeye mwenyewe aliniambia, bila kuulizwa, kwamba tangu aache hakuna mlevi anayembishia hodi usiku. Namwamini, na ninafurahi naye. Lakini alipotoka kwenye mtungi alitoka pia kwenye zamu ya kazi. Kwenye kaya za Waislamu nilizofanya nazo kazi Kondoa na Chemba, mwaliko wa shamba huenda na chakula: unachinja mbuzi, unapika. Ni utaratibu mzuri kwa aliye na mbuzi. Asiye na mbuzi, awe Muislamu au mlokole, anajikuta anapalilia la mwenzake kwanza ili ale leo, la kwake linapaliliwa magugu yakiwa yamefika magotini, na mwakani anaanza tena akiwa kibarua.

Mtoto analipa sehemu yake. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Anahitaji kulishwa mara tatu mpaka nne kwa siku pamoja na kunyonya. Mama akitoka saa 12 asubuhi na kurudi saa nane, anayelisha ni mtoto mwenzake, kwa uji uliopoa na uliopunguzwa kwa maji ili ufike jioni. Niliyomwambia mama yule yalikuwa kweli tupu, na hayakumgusa popote.

Kwenye dodoso letu dini ilikuwa kisanduku cha kuweka tiki. Mara nyingi hata kisanduku hakipo. Sensa ya Tanzania imeacha kuuliza dini baada ya ile ya 1967, na ninaelewa kwa nini. Taifa lilikuwa linajengwa na hakuna aliyetaka kuhesabiana kwa misikiti na makanisa. Siombi swali hilo lirudi. Ila mkoa huu, wenye watu 3,085,625 kwa sensa ya 2022, umechanganyika kuliko wengi wanavyodhani. Misafara ya karne ya 19 ilipita Mpwapwa na Kondoa, Uislamu ukashika mizizi Kondoa kwa Warangi. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa karne hiyo hiyo, na Dayosisi ya Central Tanganyika ikaanzishwa 1927. Kisha Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 ikakusanya kaya zilizotawanyika na kuziweka pamoja vijijini. Kwa hiyo leo kitongoji kimoja kinaweza kuwa na Mgogo Mwanglikana, Mrangi Muislamu, Msandawe Mkatoliki, Msabato aliyehamia juzi, na Mmang'ati na mifugo yake pembezoni. Sisi watumishi tulifundishwa adabu ya kutouliza. Ni adabu nzuri, lakini imetuzoesha kutotazama.

Tukitazama, mengi ni ya wazi. Siku ya kupima watoto ikipangwa Ijumaa mchana umewaacha Waislamu; Jumamosi umewaacha Wasabato. Picha ya kambare kwenye bango la "kula samaki" haimsaidii Msabato, kwa kuwa samaki asiye na magamba kwake haliwi; mwonyeshe perege wa Mtera. Vikoba vingi hukopesha kwa riba, na wanawake wa Kiislamu wanaoogopa riba hukaa pembeni kimya, ingawa mfuko wa jamii wa kikundi hicho hicho hukopesha bila riba na ungeweza kuwa mlango wao. Mama mjamzito anayekataa mayai kwa hofu ya kuzaa mtoto asiye na nywele anafuata maneno ya bibi yake, na hayo utayasikia kanisani na msikitini sawasawa.

Mradi mmoja niliowahi kuutumikia uligawa nguruwe kwa vikundi vya akina mama. Nguruwe anakua haraka na mara nyingi fedha yake hubaki mkononi mwa mwanamke, kwa hiyo wazo lilikuwa na akili yake. Lakini kijiji kilikuwa nusu kwa nusu. Wanawake wa Kiislamu walihudhuria mkutano wa kwanza, wakasikiliza, wakashukuru, hawakurudi. Taarifa ya mradi ikaandika kwamba "walikosa mwamko". Saini yangu ipo kwenye taarifa ile, na mpaka leo inanichoma. Kuku wangewatosha wote.

Na kuna jambo linaloniumiza zaidi ya hilo, kwa sababu limo ndani ya takwimu zetu wenyewe. Tunauliza: "Katika mwezi uliopita, kuna siku kaya ililala bila kula?" Mama anajibu, "Tunamshukuru Mungu." Mdodosaji anaandika hapana. Nimelisikia jibu hilo kwa Kikristo na kwa Kiislamu, na mara nyingi lilikuwa ndiyo. Kwa Mgogo kuna zaidi: amebandikwa jina la ombaomba mijini, na mama mwenye heshima zake hatakubali kulithibitisha mbele ya mgeni mwenye kalamu. Siku hizi siulizi hivyo. Naomba nionyeshwe sufuria ya jana.

Nirudi kwa mama yule, maana ndipo nilipojifunza kitu kuhusu kimea.

Uji mzito, ule ambao kijiko kinasimama, una nguvu lakini mtoto anashindwa kuumeza. Ukiongeza maji anaumeza, na tumbo linajaa maji. Dawa yake ni ya zamani: kimea. Unaloweka uwele usiku, unaufunika kwa gunia bichi siku mbili tatu uchipue, unauanika, unapukuta vimizizi na vichipukizi vyote, unasaga. (Kwa mtama kuwa mwangalifu zaidi, kwani vichipukizi vyake vina sumu ya sayanidi, ndiyo maana napendelea uwele au ulezi.) Kijiko kimoja cha chai kwenye uji mzito wa moto, koroga, na ndani ya dakika chache uji unalegea wenyewe, kwa kuwa vimeng'enya vya kimea vinakatakata wanga. Unauchemsha tena kidogo, basi. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa 1973, ililifundisha jambo hili miaka ya 1980, nami nilirithi maelekezo kwa wakubwa wangu kazini.

Nilikwenda kuonyesha chini ya upenu wa kanisa lao. Nilipofungua mfuko, harufu ilitangulia. Mama mmoja akasimama: "Dada, hicho ni kimea cha pombe. Hapa tulikwisha kukitupa." Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimebeba mfukoni alama ya maisha waliyoyakimbia, na sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja aliyekuwa mpishi wa pombe kwa miaka mingi kabla ya kuokoka. Alichukua mwiko mkononi mwangu, akatia kimea, akakoroga, uji ukaanza kuteleza kutoka kwenye mwiko kama mafuta. Akasema, "Pombe inataka kulala. Huu mtoto ataumaliza jua halijageuka." Akawakumbusha togwa waliyokunywa wote utotoni. Mchungaji aliomba apewe muda, na Jumapili iliyofuata akauonja uji mbele ya waumini. Imamu wa kitongoji cha pili aliniuliza maswali mawili tu: unalevya? Unakaa muda gani? Nilipojibu kwamba unaliwa saa ile ile, alisema, "Basi ni chakula." Yeye ndiye aliyewasomea wanaume msikitini aya ya 233 ya Suratul Baqara, kwamba mama wanyonyeshe miaka miwili kamili, kisha akawataka wanaume waseme nani anapalilia wakati mama ananyonyesha. Bango langu halijawahi kuuliza swali hilo.

Kutoka hapo wanawake waliendelea wenyewe. Walokole na Waislamu wa vitongoji vile viwili waligundua wana shida moja: wote hawana mtungi wa kuitia watu. Wakaunda zamu ya palizi, Jumatatu hadi Alhamisi, shamba la aliye na mtoto chini ya miaka miwili likitangulia. Kila mmoja analeta kikombe cha unga. Bibi anabaki chini ya mbuyu na watoto, anapika uji mara mbili asubuhi. Si kwamba mambo yamenyooka. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka na miaka hii imeingia palizini. Sheria ya dini inampa ruhusa mjamzito na anayenyonyesha asifunge, lakini wengi wanaogopa deni la siku na wanafunga na jembe mkononi. Tuliwapangia saa za alfajiri. Wengine walichoka, wakaacha.

Na Wamang'ati hawamo. Nilipitia orodha usiku mmoja nikaona hakuna hata jina moja la kwao. Tangazo la zamu lilitolewa kanisani, likatolewa msikitini, likarudiwa kwenye mkutano wa kijiji ambako wao hukaa nyuma na kuondoka mapema. Maboma yao yapo mwendo wa saa moja na nusu kutoka zahanati.

Jumanne nilikwenda. Mama wa boma la kwanza alinikaribisha maziwa kwenye kibuyu, na mtoto wake mdogo alikuwa na kadi ya kliniki yenye mahudhurio mawili tu. Kiswahili chake kichache na ishara zangu vilitosha. Nilimuuliza habari za kijiji huwa anazipata kwa nani. Akanyoosha mkono kuelekea barabarani: kwa kijana wa pikipiki, anayekuja kununua maziwa kila asubuhi. Namba ya kijana huyo ninayo. Nimempigia leo mchana, na amekubali kubeba tarehe za kliniki pamoja na madumu.