Je, Wajua? Denmark Kuna Saa Ambazo Muuza Umeme Humlipa Mnunuzi

Aliyewahi kufanya biashara ya nyanya anaijua siku ile mbaya. Msimu umekolea, malori yameshusha tangu alfajiri, na tenga lililogombaniwa wiki iliyopita leo halina hata anayeliuliza bei. Ikifika jioni nyanya zimeanza kutoa maji, na kesho yanakuja malori mengine. Hapo mwenye mzigo hatafuti tena mteja. Anamtafuta kijana wa mkokoteni, anamlipa, aziondoe sokoni. Ukipiga hesabu vizuri, nyanya zile zimeuzwa chini ya sifuri, maana mwenye mali ndiye aliyetoa hela.

Denmark, nchi ya watu wapatao milioni sita kaskazini mwa Ulaya, hufanya hivyo kwa umeme. Chukua Jumapili ya Mei yenye jua na upepo mkali kutoka Bahari ya Kaskazini. Viwanda vingi vimefungwa, ofisi zimelala, mahitaji yako chini, na kufika saa saba mchana bei ya jumla inasomeka na alama ya kutoa mbele yake. Hilo si kosa la kompyuta. Soko la umeme la nchi za Nordiki, Nord Pool, liliruhusu bei za namna hiyo tangu mwaka 2009.

Soko lenyewe ni mnada. Kila siku kabla ya saa sita mchana, wazalishaji wanaleta ofa zao za kesho na wanunuzi wanaleta mahitaji yao. Zamani kila saa ilikuwa na bei yake. Tangu Oktoba 2025 kila robo saa ina yake. Ofa hupangwa kuanzia ya bei ya chini hadi ya juu, na ile ya mwisho inayohitajika kujaza kapu la mahitaji ndiyo inayoweka bei ya wote. Mtambo wa upepo haununui kuni wala gesi, kwa hiyo unakubali kuuza kwa bei karibu na bure. Upepo ukiwa mwingi, hizo ofa za karibu na bure hulijaza kapu peke yake, na wenye makaa ya mawe na gesi hubaki nje wakitazama.

Hapo bei imefika sifuri. Kwa nini ishuke zaidi? Kwa sababu umeme una tabia mbaya kuliko ya nyanya: haungoji hata jioni. Kila sekunde kinachoingia kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme, lazima kilingane na kinachotoka, la sivyo mitambo huanza kujizima. Lazima mtu aache kuzalisha, na wapo wasiotaka. Kituo kinachochoma taka au vipande vya mbao pia huchemsha maji yanayopasha joto nyumba za mji mzima, hakiwezi kuzimwa kama taa. Kingine kinaona kukizima na kukiwasha tena kesho ni gharama kubwa kuliko kupoteza kidogo leo. Mwenye ruzuku ya kila uniti anayozalisha hata akilipa senti chache bado anabaki na faida, ingawa mikataba mipya ya mashamba ya upepo ya baharini imeiziba njia hiyo kwa kuwanyima ruzuku saa za bei hasi, yaani iliyo chini ya sifuri. Na mwenye paneli juu ya paa hata habari hana.

Wadenmark hawakuuanza upepo jana. Mwaka 1891, katika kijiji cha Askov, mwalimu Poul la Cour alijenga kinu cha upepo kuzalisha umeme, na alipoona hawezi kuutunza akautumia kutengeneza haidrojeni ya kuwashia taa za shule. Tatizo la leo alikuwa nalo tayari. Lakini kilichoisukuma nchi hasa ni mwaka 1973. Nchi za Kiarabu zilipobana mauzo ya mafuta, Denmark ilikuwa ikitegemea mafuta ya kuagiza kwa zaidi ya asilimia 90 ya nishati yake. Serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, watu wakatembea na baiskeli katikati ya barabara kuu. Mwaka 1985 bunge likaamua nyuklia haitajengwa. Mwaka 1991 likafunguliwa shamba la kwanza la upepo baharini duniani, Vindeby, mitambo 11 yenye jumla ya megawati 5 hivi. Mtambo mmoja tu wa shamba la Horns Rev 3, lililozinduliwa 2019, una zaidi ya megawati 8. Leo upepo na jua kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya umeme unaotumika nchini humo kwa mwaka.

Kinachoinusuru Denmark ni nyaya zake na majirani. Tangu 1977 kuna nyaya chini ya bahari kwenda Norway, nchi ya mabwawa. Upepo ukivuma Jutland, magharibi mwa Denmark, Wanorway wanafunga maji yao na kutumia umeme wa Denmark. Upepo ukitulia, wanafungulia. Viking Link, waya wa kilomita 765 hivi kwenda Uingereza, ulianza kazi mwishoni mwa 2023. Lakini Ujerumani, jirani mkubwa wa kusini, naye ana upepo na jua lake, na mara nyingi saa hizohizo. Nyaya za ndani ya Ujerumani zikielemewa, msimamizi wa gridi ya huko huwalipa wenye mitambo ya Denmark wazime. Ndiyo, kuna pesa hata ya kutozalisha.

Je, mama wa nyumbani Copenhagen analipwa kwa kuwasha jiko? Mara nyingi hapana, na hapa ndipo vichwa vya habari hudanganya. Bei ya sokoni ni sehemu tu ya bili. Juu yake kuna ada ya gridi, kodi ya umeme, na VAT ya asilimia 25. Ili umeme uwe wa kulipwa kweli, bei lazima izame kuliko hivyo vyote. Hata hivyo tofauti ya saa na saa inaonekana, na wengi wana programu kwenye simu inayoonyesha bei za kesho. Ada ya gridi hupanda kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, muda ambao Wadenmark wenyewe huuita kilele cha mapishi. Basi chakula kitapikwa muda huo, hakuna namna, lakini mashine ya kufulia inategeshwa ianze usiku wa manane na gari la umeme linachajiwa watu wakiwa wamelala.

Wateja hasa wa bei hasi ni mabirika. Karibu theluthi mbili ya nyumba za Denmark hupata joto la maji ya moto yanayopita kwenye mabomba chini ya mitaa, na kampuni za joto zimeweka mabirika ya umeme makubwa kama nyumba. Bei ikizama yanawashwa, maji yanachemka, yanahifadhiwa kwenye matangi. Mji mdogo wa Vojens umechimba shimo la mita za ujazo 200,000, likatandikwa plastiki, likajazwa maji na kufunikwa. Joto la jua la kiangazi linangojea baridi humo.

Kwetu hakuna mnada wa kila robo saa, ila ugonjwa wenyewe tunaujua. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana, iliyotengenezwa na Vestas ya Denmark, ilikuwa tayari 2017 ikakaa zaidi ya mwaka bila waya wa kufikisha umeme wake kituo cha Suswa, kwenye gridi ya taifa, na Kenya ikalazimika kulipa fidia. Machi 2024 Tanzania ilizima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulizidi.

Denmark sasa inakumbana na upande mchungu. Upepo huwavumia wote saa ileile, kwa hiyo kila mtambo mpya unaishusha bei ya wenzake pale wanapozalisha zaidi. Tarehe 5 Desemba 2024 zilifungwa zabuni za mashamba mapya ya megawati 3,000 Bahari ya Kaskazini, bila ruzuku, na serikali ikitaka hisa asilimia 20. Vyuma na riba vilikuwa vimepanda, na bomba la kupeleka haidrojeni Ujerumani, ambalo lingekuwa mteja mkubwa, lilikuwa limesogezwa mbele. Haikuja ofa hata moja. Mwaka uliofuata serikali ilirudi sokoni na ruzuku ya hadi kroni (pesa ya Denmark) bilioni 55: bei ikishuka chini ya iliyokubaliwa, hazina inafidia, ikipanda juu, mwenye mitambo anarudisha.