Ndege ipo, injini haipo

"Kijana, ndege si ile pale? Mbona hatuondoki?" Mzee mmoja aliniuliza hivyo uwanjani, hata shikamoo yangu hajaimaliza kuitikia. Alikuwa akiionyesha kwa kidole kupitia kioo, safi na inang'aa. Asichokiona ni upande wa pili: chini ya bawa la kushoto injini ilikuwa imeshushwa.

Mimi ni mhandisi wa ndege, na swali hilo naulizwa mara nyingi.

Injini za kisasa zinatumia mafuta kidogo, lakini baadhi zinachoka mapema kuliko ilivyotarajiwa. Novemba 2022 Air Tanzania ilipunguza safari baada ya injini za Pratt & Whitney kuzisimamisha Airbus A220 zake. Julai 2023 Pratt & Whitney yenyewe ikatangaza kwamba unga wa metali uliotumika kutengenezea disiki za baadhi ya injini zake ulikuwa na kasoro, na mamia ya ndege duniani zikaegeshwa. Kenya Airways nayo, mwaka 2025, ilikuwa na Boeing 787 tatu zilizoegeshwa kati ya tisa.

Ukaguzi wenyewe hauna njia ya mkato. Tunapitisha kamera nyembamba kama mrija wa soda kwenye tundu la injini, mwenzangu anazungusha rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, polepole, nami natazama mapanga yake, moja baada ya jingine. Nikikuta ufa uliozidi kipimo cha kitabu, ndege inalala. Injini inakwenda nje kutengenezwa, inapanga foleni miezi, na ya akiba haipatikani kwa sababu kila shirika linaitafuta hiyohiyo.

Watu nao ni wachache. Leseni yangu ya ndege za mapangaboi hainiruhusu kuitia saini Airbus mpaka nisomee aina hiyo. Wenye uzoefu wengi waliondoka kwenye fani wakati wa korona, na fundi wa kujaza nafasi hapatikani kwa mwaka mmoja.

Ndege moja ikikosekana, iliyobaki inabeba ruti za mbili. Ikichelewa asubuhi, jioni marubani wanakuwa wamefikisha saa zao za kazi, na sheria haiwaruhusu kuruka tena.

Nilimweleza mzee yote hayo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mngetuambia asubuhi, mwanangu, nisingemtoa mgonjwa wangu kitandani."

Nikamshika mkono, tukaenda wote kaunta.