Vyombo vya mezani vya bronzi, enameli na kioo kutoka Ufaransa: jinsi ya kuvitunza

Mabakuli ya kioo yenye miguu ya bronzi iliyonakshiwa kwa rangi, yaliyotengenezwa Paris katika nusu ya pili ya karne ya 19, mara nyingi huharibiwa na wenyewe kwa nia njema. Huyasugua kwa dawa ya kung'arishia shaba, ilhali ile buluu na kijani ya mguuni si rangi ya kupaka, bali nayo ni kioo.

Enameli ni kioo kilichosagwa na kutiwa rangi kwa oksidi za metali: kobalti huleta buluu iliyokolea, shaba huleta kijani na feruzi, na bati huleta weupe usiopitisha nuru. Katika ufundi uitwao champlevé, fundi alichimba vishimo kwenye metali, au akavisubu pamoja na chombo, akavijaza unga wa kioo uliolowanishwa, kisha akakitia chombo tanurini kwa dakika chache katika joto la nyuzi 800 hivi. Unga ukiyeyuka hunywea, kwa hiyo kazi ilirudiwa hadi vishimo vikajaa, ndipo uso ukasawazishwa kwa jiwe na metali iliyobaki wazi ikafunikwa kwa dhahabu.

Limoges, mji wa Ufaransa, ulisifika kwa ufundi huu tangu karne ya 12. Paris iliufufua kwa nguvu baada ya mwaka 1860, majeshi ya Ufaransa na Uingereza yalipopora Kasri la Majira ya Joto la Beijing na enameli za Kichina zikafika Ulaya kwa wingi. Uporaji huo ni sehemu ya historia ya vyombo hivi, na haufai kufichwa. Ferdinand Barbedienne, mwenye karakana mashuhuri ya bronzi, alionyesha enameli zake London mwaka 1862.

Kwa kuwa kioo na metali havitanuki sawasawa, maji ya moto huweza kuibandua enameli, kama ganda la sahani ya bati linavyobanduka ikianguka. Usikiloweke chombo, wala usikipake siki au amonia. Kipanguse vumbi kwa brashi laini iliyo kavu. Ukikiinua, shika mguu kwa mkono mmoja na bakuli kwa mwingine. Usikitumie kwa chakula, maana enameli na kristali za zamani mara nyingi zina risasi, yaani metali ya sumu. Kipande kikibanduka, kihifadhi katika karatasi safi mpaka mtaalamu akione, na usikigundishe mwenyewe.