Pikapu Iliyooza kwa Ndani: Kutu, Molasi na Matundu ya Maji

Pikapu niliyoanza kuifanyia kazi mwezi wa Januari ni Toyota Hilux ya kizazi cha nne, yaani zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 1983 na 1988, yenye injini ya dizeli ya 2L ya sentimita za ujazo 2,446. Mwenye gari ni mzee wa Kibosho, ambaye kwa miaka mingi aliitumia kupandisha mbolea shambani na kuteremsha kahawa na ndizi hadi Moshi mjini. Injini haikuwa na neno. Iliwaka mara moja hata asubuhi ya baridi. Bodi ndiyo iliyokuwa imechoka, na alipoileta kwenye karakana yangu ya nyumbani, hapa Rau, ombi lake lilikuwa fupi: "Fundi, mimi nataka rangi tu, kijana wangu aikute inang'aa." Nikamwambia, "Sawa, Mzee, lakini naomba kwanza nipite na nyundo."

Nyundo ndogo na bisibisi ndivyo vifaa vya kwanza vya kazi hii. Chuma kizima kikigongwa hulia. Kilichooza huitikia kwa sauti butu, kama ubao uliolowa, na bisibisi ikisukumwa hapo huzama. Nililala chini ya gari nikagonga chasisi shibiri kwa shibiri, nikitumia muda mrefu zaidi penye vishikio vya springi, kwa sababu chasisi ya pikapu hizi ni mihimili miwili iliyounganishwa kama ngazi, na uzito wote wa mzigo hufika kwenye magurudumu kupitia vishikio hivyo. Vikiwa vimeoza pamoja na mhimili unaovibeba, mimi humshauri mwenye gari aache, hata kama amekuja na fedha mkononi. Kuna jambo la kisheria pia: namba ya chasisi imegongwa kwenye mhimili wenyewe, mbele upande wa kulia, na ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa hiyo anayekata na kubandika chuma kipya mahali hapo anajitafutia kesi. Chasisi ya Mzee ilikuwa nzima, isipokuwa mhimili mmoja wa kukingama chini ya bodi ya nyuma, ambao hubadilishwa bila shida kubwa.

Tatizo lilikuwa kwenye vizingiti vya milango, yaani visanduku virefu vya bati, vitupu kwa ndani, vinavyopita chini ya milango. Kwa macho vilionekana vizuri kuliko sehemu nyingine zote za gari, rangi imenyooka, ila vipele vichache karibu na gurudumu la mbele. Nikakata kwa grenda dirisha la ukubwa wa kiganja kwenye kizingiti cha kushoto. Yalitoka kwanza maji ya rangi ya chai, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa. Yakafuatiwa na udongo mwekundu uliolainika kama uji wa ulezi, maganda ya kahawa, na mabonge meupe ya mbolea yaliyogandamana na kutu. Nilipofika chini nikaelewa. Matundu ya kutolea maji, ambayo kiwanda huyaacha kwa makusudi chini ya kizingiti, yalikuwa yamezibwa yote kwa puti na kupakwa rangi juu yake. Fundi aliyetangulia aliyaona akadhani ni kutu imetoboa, akamfanyia mteja hisani.

Chuma hakishiki kutu bila maji na hewa kukutana juu yake, na maji yenye chumvi huharakisha kazi hiyo kwa sababu hupitisha umeme mdogo unaoendesha ulaji wenyewe. Mbolea ya SA ni chumvi ya amonia yenye tabia ya asidi, kwa hiyo vumbi lake likilowa ndani ya kisanduku cha bati hula chuma haraka kuliko maji ya mvua peke yake. Udongo nao hushika unyevu kama sponji, hata gari likae juani. Tena kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma iliyokitafuna, ndiyo maana huinua rangi na kutanua maungio. Kipele kwenye kizingiti, basi, mara nyingi ni kutu iliyokwisha kula bati kutoka ndani hadi nje. Kukikwangua, kupaka puti na kupiga rangi ni kununua muda, na muda wenyewe ni mfupi, kwa kuwa puti hunyonya unyevu.

Nilikata hadi nikafika kwenye bati linalong'aa pande zote mbili na lenye unene wake kamili, jambo lililomaanisha kuondoa karibu kizingiti kizima. Kabla ya kuchomelea nilitoa nyaya za betri na kushusha tangi la mafuta, kwa sababu cheche ya grenda haichagui pa kuangukia. Bati jipya ni geji 18, yaani karibu milimita 1.2, nililolikunja kwa kufuata kiolezo cha karatasi ngumu. Nililiunganisha ncha kwa ncha badala ya kulilaza juu ya lile la zamani, kwa sababu bati likilala juu ya bati hubaki ufa mwembamba unaofyonza maji, na ugonjwa unarudi palepale. Nilitumia mashine ya kuchomelea ya MIG yenye waya wa milimita 0.8, nukta moja hapa na nyingine mbali na hapo, nikisubiri kila moja ipoe. Mwenye haraka huchomelea mstari mzima kwa mara moja, kisha hushangaa bati limejikunja kama chapati.

Bawaba, vitasa, vishikio vya bampa na bolti kubwa nilivitumbukiza kwenye molasi. Sisi wa Moshi tuna bahati katika hili, kwa kuwa kiwanda cha sukari cha TPC kiko Arusha Chini, na wafugaji huku wanaifahamu molasi kama chakula cha ng'ombe. Nachanganya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji kwenye pipa la plastiki, nazamisha vyuma vyote, kisha navisahau kwa wiki mbili au tatu. Viambata vilivyomo kwenye molasi hushikana na chuma kilichomo kwenye kutu na kukiyeyusha, huku chuma kizima kikibaki karibu kama kilivyokuwa. Usitumbukize aluminiamu wala kitu kilichopakwa zinki, kwani vitaliwa. Kasoro kubwa ya njia hii ni harufu. Wiki ya pili mchanganyiko ulichacha, nzi wakajaa, na mama wa nyumba ya pili akaniuliza kupitia uani, "Jirani, siku hizi umeanza kupika mbege?" Mbege ni pombe yetu ya ndizi na ulezi. Nilimfunulia pipa, alipoona bawaba zimezama chini ya povu la kahawia alisema afadhali ingekuwa mbege. Vyuma vikitoka humo huoshwa kwa maji mengi, hukaushwa na kupakwa praima, yaani rangi ya msingi, siku hiyohiyo.

Siku hiyohiyo ni sharti kwa bodi nayo. Bati tupu likilala usiku mmoja wa unyevu huamka na utando wa rangi ya machungwa, ndiyo maana mimi kazi ya bati huimaliza kabla masika hayajaingia mwezi wa Machi. Praima ya epoksi hutangulia, puti kidogo sana hufuata, kisha rangi. Kwa ndani ya vizingiti, pasipofikiwa na brashi, nilipuliza nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kuchanganywa na oili safi. Wengi hupaka oili chafu chini ya gari. Huzuia maji kidogo, lakini huharibu bushi za mpira na si salama kwa ngozi ya anayeipaka.

Mzee alikuja siku ya mwisho akanikuta nimeshika ndoo, nikimimina maji ndani ya kizingiti kupitia tundu la juu.

"Mwanangu, miezi hii yote unakausha, leo unamwaga maji tena?"

Nikamwomba ainame. Maji yalikuwa yanatoka kwa matundu yote manne, meupe, na kabla hajainuka yalikuwa yamekwisha.