Je, wajua kwa nini jua la London hukimbilia kuzama mwezi wa tisa?

Wiki ya kwanza ya Septemba tulikula wali na mchuzi wa samaki saa moja jioni, mlango wa uani uko wazi na hakuna aliyekumbuka taa. Wiki ya nne, saa ile ile na sufuria ile ile, nilishindwa kuona mwiba kwenye sahani ya mtoto. Nikawasha taa. Mwanangu wa miaka 7 akageuka dirishani, akauliza, "Mama, mbona leo usiku umewahi?"

Usiku ulikuwa unawahi kila siku, kidogo kidogo, ila yeye ndiyo kwanza ameuona. Hapa London, tarehe 1 Septemba jua huzama kama saa 1:47 usiku. Tarehe 30 huzama kama saa 12:41 jioni. Mwezi mmoja umekula zaidi ya saa nzima ya jioni, na asubuhi nayo imemegwa, kwa kuwa kuchomoza kumesogea kutoka kama saa 12:12 hadi karibu saa 1. Ukijumlisha pande zote mbili, mchana hupungua karibu dakika 4 kila siku, yaani karibu nusu saa kwa wiki. Nyumba inayoswali magharibi pamoja haiwezi kukosa kulihisi hili. Juni magharibi huingia saa 3:21 usiku na watoto wameshalala. Septemba huja kukutana na chakula. Mwisho wa Oktoba huwakuta watoto na sare za shule bado mwilini.

Mimi nimekulia Tanga, na swali kama la mwanangu sikuwahi kumuuliza mama yangu. Kule siku ndefu kuliko zote katika mwaka huizidi fupi kuliko zote kwa kama dakika 35 tu, na zile dakika zimetandazwa miezi sita, nani atazihesabu? Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, tofauti haifiki hata robo saa. Lakini London mchana wa Juni una saa 16 na dakika 38 hivi, na wa Desemba una saa 7 na dakika 50. Hata majina yetu ya majira yanasema hivyo hivyo: kaskazi na kusi ni pepo, masika na vuli ni mvua. Hakuna hata jina moja lililotokana na urefu wa mchana. Majira haya ya Ulaya vitabu vingi huyaita vuli, nami huona neno hilo linawachanganya watoto, maana vuli ya bibi yao ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Nyumbani kwetu tunasema mapukutiko, kwa sababu majani yanapukutika na kila mtu anayaona.

Basi nilimjibu kwa chungwa. Nililichoma kijiti cha mshikaki, kikatokeza juu na chini, huo ukawa mhimili wa dunia. Kwa kalamu nikatia nukta mbili: moja ya Tanga, chini kidogo ya kiuno cha chungwa, na moja ya London, juu zaidi ya nusu ya njia kuelekea ncha. Taa ndogo ya kusomea tukaiweka katikati ya meza, bila kile kifuniko chake, iwe jua. Taa ya dari tukaizima.

Siri yote iko kwenye namna ya kulishika chungwa. Dunia haijasimama wima. Mhimili wake umeinama kwa nyuzi 23.4. Na inapolizunguka jua mwaka mzima, haibadilishi upande ilioinamia. Nikamwambia mwanangu ashike kijiti kikiinamia jokofu, na popote atakapokuwa mezani kiendelee kuinamia jokofu. Akasimama upande wa taa ulio mbali na jokofu. Hapo ncha ya juu ya chungwa iliielekea taa. Akalizungusha polepole, na nukta ya London ikakaa kwenye mwanga karibu mzunguko wote, ikaingia kivulini kidogo tu. Hiyo ni Juni. Akahamia upande wa jokofu, kijiti bado kimeinama vile vile, na sasa ncha ya juu imeikimbia taa. Nukta ya London ikachungulia mwanga kidogo na kurudi gizani. Hiyo ni Desemba. Nukta ya Tanga, huku na huku, iligawana nusu kwa nusu, au karibu na hapo.

Kati ya pande hizo mbili kuna mahali ambapo chungwa haliielekei taa wala haliikimbii. Limeinama ubavu tu. Mwanga huligawa kutoka ncha hadi ncha, na kila nukta, iwe ya Tanga, ya London au ya Oslo, hupata nusu ya mwanga na nusu ya kivuli. Hapo ndipo dunia inapofika tarehe 22 au 23 Septemba, na tena tarehe 20 au 21 Machi. Kwa siku chache karibu dunia nzima ina mchana wa saa 12, na dakika kadhaa za ziada kwa kuwa hewa huupinda mwanga na kutuonyesha jua likiwa limeshazama.

Bado swali la mwanangu halijajibiwa lote, maana aliuliza kwa nini limekuja ghafla. Hili alilielewa kwenye bembea ya bustani, tena upesi kuliko kwenye chungwa. Mtoto akifika juu kabisa, bembea hukaribia kusimama. Kuna nukta ya wakati anaelea tu. Akishuka na kupita katikati, hapo ndipo upepo unampiga usoni. Mwinamo wa dunia kuelekea jua nao hubembea hivyo kati ya Juni na Desemba. Karibu na tarehe 21 Juni uko juu ya bembea, na mchana hubadilika kwa sekunde tu kwa siku. Septemba uko katikati, unapita kwa kasi yake yote. Kwa hiyo Julai hutudanganya. Tunaona jioni ndefu zimekaa, tunazizoea, kumbe bembea imeshaanza kushuka.

Hata giza lenyewe halishuki kwa namna moja. Tanga jua huanguka kama nazi, moja kwa moja, na baada ya dakika ishirini hivi umeshaanza kutafuta tochi. London jua huteleza mshazari kuelekea upeo wa macho, kwa hiyo mwanga wa baada ya magharibi hukawia zaidi. Mgeni wetu mmoja aliyetoka Pemba mwezi wa sita alikaa uani hadi saa nne usiku akisubiri kiza cha kumfanya ajisikie usingizi.

Hapo ndipo saa ya Kiswahili inapopata shida. Sisi tunahesabu saa kutoka jua linapochomoza: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na saa moja usiku ni saa ya kwanza ya usiku. Hesabu hiyo ilizaliwa karibu na ikweta, mahali jua halivunji ahadi. London mwezi wa Juni jua huchomoza saa 10:43, ambayo kwetu ni alfajiri mbichi, na huzama saa 3:21 usiku. Mama yangu huambiwa kwenye simu kwamba ni saa mbili usiku na watoto wanacheza mpira juani, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, huo usiku gani?" Ana haki. Ila katika wiki ile ya tarehe 22 Septemba jua la London huchomoza kama saa moja kasorobo na kuzama karibu saa moja, na kwa siku hizo chache saa ya Tanga na mbingu ya London zinakaribia kusemezana.

Watoto huyabeba mabadiliko haya mwilini. Kwenye macho mna chembe ambazo kazi yake ni kuupima mwanga na kuuarifu ubongo kama ni mchana au usiku. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala, mwanga huizuia. Ndiyo maana Juni nilikuwa nikifunga mapazia mazito saa mbili usiku na mtoto bado ananitazama macho makavu, na ndiyo maana mwanzoni mwa Oktoba, saa moja asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia, ninamwita mara tatu na anajifunika shuka hadi kichwani. Nimeacha kumwita mvivu. Siku hizi nafungua pazia na kuwasha taa kwanza, ndipo namwita.

Joto nalo lina hesabu yake. Mchana wa mwisho wa Septemba una urefu sawa na wa katikati ya Machi, lakini Septemba tunatoka na sweta na Machi tunatoka na makoti. Ardhi, na zaidi bahari, huhifadhi joto la miezi iliyopita na kulitoa taratibu. Bahari inayoizunguka Uingereza huwa na joto lake kubwa Agosti na Septemba, wakati mchana umeshaanza kufupika zamani.

Halafu binadamu naye huongeza lake. Mwaka 1907 mjenzi wa Kiingereza, William Willett, alitoa kijitabu kuhimiza saa zisogezwe mbele wakati wa majira ya joto ili watu wasilale wakati jua liko juu. Uingereza ilianza kufanya hivyo Mei 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Siku hizi kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba huja na pigo lake. Saa hurudishwa nyuma, na jua lililozama jana karibu saa 12 kasorobo jioni leo huzama karibu saa 11 kasorobo. Afrika Mashariki saa hazisogezwi, kwa hiyo tofauti yetu na nyumbani hugeuka kutoka saa mbili kuwa saa tatu.

Bibi yake mwanangu hupiga simu saa tatu usiku kwa saa za Tanga, akishamaliza kula. Majira yote ya joto simu hiyo ilitukuta saa moja jioni, yeye gizani na sisi kwenye mwanga. Jumapili ile ya Oktoba ililia saa kumi na mbili. "Huko kwenu bado mchana?" akamuuliza mjukuu wake kama kawaida. Mtoto hakujibu. Aliichukua simu, akapanda kwenye kiti, akaielekeza dirishani ili bibi aone mwenyewe.